Ardhi Iliyokunywa Dawa

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeitikia mapema, maana wengi wenu mnaosomea kilimo siku hizi nakutana nanyi njiani mkiwa na waya masikioni, na shikamoo yenu hutoka nikiwa nimeshapita. Leo nimewawahi. Kaeni tuongee.

Mimi ni Mhangaza wa Kanazi, huku Ngara. Nimekuwa bibi shamba tangu nywele zikiwa nyeusi zote mpaka serikali iliponiambia ahsante mama, nenda kapumzike. Nilianzia Bugarama, nikarudi hapa kwetu, halafu miaka mingi ya mwisho nikawa Biharamulo kwenye pamba na tumbaku. Wazee wa Biharamulo hawakujua wamwiteje mwanamke mwenye buti na pikipiki, wakaamua kuniita Bwana Shamba vilevile. Mume wangu alikuwa akicheka, anasema nyumba yetu ina mabwana wawili na haina mpishi.

Mmeniuliza dawa tunayopulizia mimea ikishaingia ndani inakwenda wapi. Mwalimu wenu anayo majibu yenye michoro na mishale, na ni majibu sahihi, yashikeni. Mimi nitajibu kwa njia yangu, na ndani ya jibu langu yumo mwanamke mmoja wa Biharamulo, Mama Holo, ambaye nampenda mpaka leo na ambaye siku moja nilimtonesha kidonda bila kutaka. Kama mna haraka, nendeni kwa mwalimu wenu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kagoma, bwana shamba wa Bugarama. Mfupi, mkali, na kofia yake ya pama haikutoka kichwani hata kanisani mpaka padri amkazie macho. Siku moja alitukalisha sisi waajiriwa wapya chini ya ukuta wa ofisi akatuuliza: "Mtu akimeza kitu kibaya, mwili unakitolea wapi?" Tukasema chooni. "Na mmea je?" Mimi, kwa kiherehere changu cha ujana, nikasema mmea hujisaidia kwa majani yanayodondoka. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na chai. Jina la Mama Majani lilinikaa mwaka mzima.

Mzee Kagoma peke yake hakucheka. "Huyu angalau amefikiri," alisema. "Jani linalodondoka ndiyo taka pekee ambayo mmea unaweza kuitupa. Zaidi ya hapo, mmea hauna choo. Hauna ini, hauna figo, hauna mkojo. Kilichoingia kimeingia. Sasa ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Akatueleza kwa habari ya mgeni. Tuseme ameingia mgeni mbaya nyumbani kwako na nyumba haina mlango wa kumtolea nje. Kwanza unampokonya panga. Mmea nao unavyo vimeng'enya vinavyoikamata dawa na kuikatakata, au kuibandika kijishikio ili ishikike vizuri. Pili unamfunga kamba. Kamba ya mmea ni sukari. Sukari ileile inayotengenezwa jua likiwaka, mmea unaifunga kwenye ile dawa iliyokatwa, nayo inapoa, inakuwa nzito, haizururi tena ndani. Tatu unamfungia chumba cha ndani. Kila seli ya mmea ina chumba chake kikubwa chenye maji, na humo ndimo vitu vya namna hiyo vinapowekwa. Vingine vinakandikwa moja kwa moja ukutani, vinakuwa sehemu ya ukuta wa seli, havitoki tena kirahisi.

"Kwa hiyo mmea umepona," nikasema.

"Mmea umepona," akasema Mzee Kagoma. "Halafu unakuja wewe na sufuria lako, unaila nyumba yote, na mgeni yumo ndani."

Tukacheka tena, lakini safari hii kwa sauti ndogo. Akaongeza kwamba tumbo la mtu lina uwezo wa kuifungua ile kamba ya sukari, na kilichokuwa kimefungwa kikafunguka. Ndiyo maana, wajukuu zangu, zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa si mapambo. Ni muda ambao mmea unauomba ili umalize kukata na kufunga. Ukivuna kabla, umeikatisha kazi yake katikati, na kazi hiyo unakwenda kuifanya wewe kwa ini lako.

Kijana mmoja wa Bugarama alipulizia nyanya jioni, asubuhi yake akazipeleka gulioni. Nilimkuta anazipanga mafungumafungu, nyekundu, zinang'aa. Nikamuuliza, mwanangu, hizi si nilikuona unazipiga dawa jana? Akasema, "Usijali mama, nimeziosha na sabuni ya unga." Dawa aliyopiga ilikuwa ile ya kunyonywa, inayoingia kwenye jani na kutembea na maji ya mmea mpaka kwenye tunda. Nikamwambia umeosha mlango, baba, mgeni yuko chumbani. Aliigeuza nyanya huku na huku akiitafuta sehemu ulipo mlango, masikini. Lakini alizirudisha nyumbani, na tangu siku ile alikuwa ananitumia watoto waniulize kabla hajavuna.

Jambo jingine ambalo chuo kinaweza kulipitia haraka: mimea haifanani tabia. Pale Benaco, malori yanapopumzika, mama mmoja alikuwa na bustani ya mchicha kwenye mfereji wanakooshea magari. Mchicha mnene, wa kuvutia. Mchicha ni mlaji, hauchagui. Madini ya betri, ya oili chafu, yakiwa kwenye udongo unayavuta, na madini hayakatwi na kimeng'enya chochote, yanawekwa tu. Hayo ya vumbi la barabarani juu ya jani utayaosha. Yaliyopanda kwa mzizi utayala. Mama yule alihama upande wa juu wa barabara kwa kunung'unika, akaniambia nimemharibia bustani iliyokuwa jirani na wateja. Alikuwa na haki ya kunung'unika, maana ni kweli.

Lakini nimezunguka kutosha. Kuna neno limenisumbua kazini kuliko mdudu yeyote, nalo ni dawa.

Angalieni. Homa, dawa. Kunguni, dawa. Magugu, dawa. Sisi Wahangaza tunasema umuti kwa vyote, ndugu zetu Wasukuma wanasema bugota, na Kiswahili chetu cha ofisini nacho kinasema dawa bila aibu. Mimi mwenyewe nimesimama mbele ya mikutano miaka na miaka nikisema njooni mchukue dawa ya pamba, na kwenye mkutano huohuo mganga wa zahanati akisimama baada yangu anasema njooni mchukue dawa ya minyoo. Neno lilelile, na mezani tunakaa wote wawili.

Mama Holo na mume wake, Mzee Masanja, walihamia Biharamulo kutoka Shinyanga pamoja na ng'ombe wao, kama wengi walivyokuja kufuata malisho na mashamba. Holo alikuwa binti yao wa pekee. Alijifungua mtoto wa kike, akapatwa na homa, akafariki mtoto akiwa bado hajajua kukaa. Mtoto aliitwa Milembe, ndiyo kusema amani. Mama Holo akawa mama kwa mara ya pili, na mgongo tayari unamuuma.

Nilimfahamu siku alipokuja ofisini na boga kichwani. Boga kubwa mpaka ilibidi aingie mlangoni kwa upande. Mtoto mgongoni, amelala.

"Hodi humu. Mama Shamba, hili ni lako."

"Karibu mama. La nini jamani, zuri hivi?"

"La shukulani. Mwaka juzi ulituletea mbegu za mtama zikaota. Mimi sisahau. Kula na baba watoto."

Tulilila, mimi na mume wangu, na mbegu zake nikazikaanga kwa chumvi. Lilikuwa tamu, sina la kusema. Wiki iliyofuata nikasema ngoja niende nikaone shamba linalozaa maboga ya namna hii, niwafundishe na wengine.

Nilipozima pikipiki tu nilipatambua. Palikuwa na ghala la zamani la pamba. Nilipohamia Biharamulo nililikuta limeezuliwa bati, na ndani magunia ya unga mweupe yamepasuka, mvua inayanyeshea. Ilikuwa dawa ya pamba ya enzi zile, aina ambazo zimepigwa marufuku zamani. Baadaye magunia yalichukuliwa, kuta zikabomolewa kwa ajili ya tofali, watu wakasema pamesafishwa. Magunia ndiyo yaliyoondoka. Ulioachwa ni udongo, na ile dawa ya zamani haiozi kama hizi za leo. Inakaa ardhini umri wa mtu.

Maboga ya Mama Holo yalikuwa yametambaa juu ya sakafu iliyopasuka, majani mapana, maua ya njano, hakuna tundu hata moja la mdudu. Na mvua ilikuwa imenyesha usiku, kwa hiyo harufu ilikuwa imepanda. Ile harufu mtu haisahau.

"Kalibu, kalibu Mama Shamba!" Alitoka nyuma ya nyumba akipangusa mikono kwenye kanga. Milembe alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdomo wote wa njano, anagonga kibakuli kwa kijiko. "Umeona maboga yangu? Huyu hali kitu kingine. Uji anatema. Viazi anatema. Boga tu. Ukimnyima analia mpaka wapita njia wanauliza."

"Mama," nikasema, "ni nani aliyewapa hapa?"

"Tulipaomba. Palikuwa patupu, watu wanapaogopa." Akashusha sauti kwa furaha, anaeleza jambo ambalo wajinga hawalijui. "Mzee mmoja alituambia hapa palikuwa ghala la dawa. Nikamwambia mume wangu, ndipo penyewe. Holo amekufa kwa kukosa dawa, ilichelewa njiani. Huyu nitamkuza mahali ambapo aldhi yenyewe imekunywa dawa. Na wewe umeona, hata mdudu hakanyagi. Na mtoto hajaugua tangu tuhamie."

Jamani. Nilikaa kwenye mkeka karibu na Milembe, nikamfuta mdomo kwa kidole ili nipate pa kutazama.

Sikumwambia yote siku hiyo, kwa sababu sikuwa nayo. Nilimwomba asimamishe boga kwanza, nikasema nina wasiwasi na udongo, nikachukua udongo kidogo, boga moja, na mahindi yaliyokuwa pembeni, nikayatuma kwenye maabara kwa mtaalamu ninayemfahamu. Mama Holo alicheka, akasema basi nitampa uji, wewe ndiye utakayekuja kumbembeleza. Yule mtaalamu alipiga simu baada ya mimi kungoja sana. Mahindi yalikuwa na dawa ile kidogo tu. Boga lilikuwa limeibeba kwa wingi, na jibu la udongo hata hakupoteza muda kulisema.

Sikilizeni hapa vizuri, maana ndiyo sehemu ya kazi. Mahindi na maboga vimekaa udongo mmoja, mvua moja, mkono mmoja. Lakini ile dawa ya zamani haipendi maji, imegandamana na udongo, na mimea mingi haiwezi kuibandua. Mizizi ya boga ina ujanja wa kuibandua na kuipandisha juu mpaka kwenye bua, jani na tunda. Tena ikishafika, vile vimeng'enya vya kukata havina pa kuishikia. Panga halipokonyeki, kamba haifungiki. Inawekwa tu kama ilivyo, na inapenda kukaa penye mafuta. Kama zile mbegu nilizokaanga mimi. Na mwilini mwa mtu, hivyohivyo. Kwa hiyo msipime mahindi mkasema shamba ni zima. Na kabla hamjatoa vifaa vyenu vya kupimia udongo, ulizeni wazee hapa palikuwa na nini.

Nilirudi siku ya Jumapili baada ya ibada, nikijua Mzee Masanja atakuwepo. Niliwaambia kwa Kiswahili chepesi nilichokuwa nacho. Nikasema ile iliyokuwa ghalani haikuwa dawa ya kuponya mtu, ilikuwa ya kuua mdudu. Boga limeinyonya kutoka ardhini na kuiweka. Halimuui mtu leo wala kesho, lakini si chakula cha mtoto, wala cha ng'ombe wa maziwa.

Mzee Masanja aliinamisha kichwa. Mama Holo akaniangalia usoni.

"Kwa hiyo ni sumu."

"Ndiyo, mama. Ni sumu."

"Mlikuwa mnaiita dawa."

"Tuliita dawa. Mpaka leo tunaita."

Milembe alikuwa anajaribu kusimama kwa kushika goti lake, anaanguka, anashika tena.

"Nimemlisha sumu mtoto wa Holo."

"Umemlisha boga," nikasema. "Hiyo sumu iliachwa na watu wengine kabla hujaja. Hata mimi nililila boga lako, mama, na baba watoto wangu alilila, na mbegu nikala."

"Wewe ulikula moja," akasema.

Tulimpeleka Milembe zahanati. Mganga alimpima uzito, akamsikiliza kifua, akasema mtoto ni mzima kwa anavyomwona, na kwamba kile tunachokiogopa hana kipimo chake. Mwili utakitoa polepole sana, kama hataongezewa. Hilo ndilo jibu la kweli na ndilo nililowapa, sikulipaka asali. Serikali ya kijiji ikawapa kiwanja upande wa pili, mlimani, wakajenga. Pale ghalani tukaweka uzio wa miiba na kibao, na wataalamu wa mazingira wakaja kuyang'oa maboga wenyewe na kuyachukua, kwa sababu hayakufaa kutupwa, wala kuchomwa, wala kupewa nguruwe.

Nawaambia sasa hivi ili msihangaike: Milembe yuko shule, ana meno mapya ya mbele, na akiniona ananivua kofia na kuivaa yeye. Ambaye nusura tumpoteze ni bibi yake.

Mzee Masanja alinifuata ofisini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mtu mzima yule mwenye ng'ombe wengi.

"Mama Shamba, twende ukamwone mwenzangu. Ameogopa chakula."

"Yaani hali chakula?"

"Anakula. Hamlishi mtoto. Akishika kijiko mkono unakataa. Namlisha mimi, na mimi sijui, namwagia uji shingoni. Mtoto anamlilia bibi yake, bibi anatoka nje. Amekonda mtoto, Mama Shamba. Jilani anasema tumpeleke kwa shangazi yake Shinyanga, na mwenzangu amekubali. Anasema kwake mtoto hayuko salama."

Nilikwenda. Ilikuwa kweli. Milembe alikuwa amepungua, mashavu yale yamekwisha. Uji anatema, viazi anatema, na boga hakuna. Mama Holo alikuwa amekunja nguo za mtoto kwenye kitambaa, safari ya wiki ile. Nilimpa maneno yangu yote ya utaalamu, kwamba udongo wa mlimani ni safi, kwamba viazi ni salama, kwamba yeye hana kosa. Aliitikia ndiyo, ndiyo, ahsante, kwa adabu zote za kwao. Hakuna kilichoingia. Tuna mazoea, sisi watu wa kilimo, ya kudhani mtu akishaelezwa amesaidiwa.

Basi nikapanda basi mpaka Kanazi kwa mama yangu. Shamba lake liko kilimani katikati ya migomba, halijawahi kuonja bomba la dawa tangu babu yangu, maana babu alikuwa bahili wa kununua vitu. Nikachuma maboga mawili. Kondakta wakati wa kurudi akaniuliza kama naenda kutoa mahari.

Moja nililipika mwenyewe jikoni kwa Mama Holo. Hakunizuia, hakunisaidia, alikaa kwenye kigoda mlangoni anatazama. Lilipoiva nikaliponda kwa mwiko, bila chumvi, bila maziwa, nikalitia kwenye kile kibakuli. Milembe alisikia harufu akaja akitambaa kwa kasi, akanikamata kanga.

Nikamnyooshea bibi yake kibakuli.

"Limetoka kwa mama yangu," nikasema. "Shamba nililokulia."

Hakupokea. "Onja wewe," akasema.

Mnajua desturi. Kwetu Ngara na kwao Usukumani, mwenye pombe huionja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone ndani hamna kitu. Nilijua, kama mnavyojua sasa, kwamba kwa sumu ya aina hii kuonja hakuoneshi chochote. Hata lile la kwanza lilikuwa tamu. Lakini Mama Holo hakuwa anaomba kipimo. Nikachota kijiko kimejaa, nikala, na yeye akatazama koo langu mpaka nikameza. Nikachota kingine, nikala. Halafu akanyoosha mkono akapokea kijiko, akaonja yeye. Alikitafuna kile kitu laini kwa muda mrefu, macho amefumba.

Akachota kidogo, akamwelekea Milembe. Katikati ya njia mkono ukasimama. Kijiko kikainama mpaka boga likaanza kumwagikia mkekani. Nilitaka kuushika, na namshukuru Mungu sikuwahi, kwa sababu Milembe aliona chakula kimesimama hewani akakasirika. Akaukamata mkono wa bibi yake kwa mikono yake yote miwili, akauvuta kwa nguvu, akajitia kijiko mdomoni mpaka kwenye mpini.

Alimeza. Mama Holo alikuwa analia kwa sauti sasa, jina la binti yake linatoka na machozi, na mtoto hana habari, amefungua mdomo, anangoja, anaupiga mkono wa bibi yake.

"Anataka tena," Mama Holo akaniambia, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Nimemwona," nikasema.

Akajipangusa uso kwa kanga, akachota.